Kombe la siku moja halitutoshi

 Nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, mvumilie mpaka mwisho maana kuna sehemu inawahusu.

Makala hii imezaliwa na ubishi. Jumamosi moja tulikuwa banda umiza tunaangalia mpira wa Ujerumani, watu wamebanana, kila mmoja ana timu yake, nusu wanapiga kelele za Bayern na nusu za Dortmund. Katikati ya mechi simu ya mmoja wetu ikaingia ujumbe wa sauti. Alikuwa ni mwenzetu wa zamani, tuliyecheza naye kwenye uwanja wa zoni, ambaye sasa anaishi karibu na Berlin. Nyuma ya sauti yake watu wanaimba. Anasema yuko uwanjani, mvua inanyesha, amelipa kiingilio kwa hela yake mwenyewe. Tukamuuliza, Bayern wamekuja huko? Akasema hapana, ni Babelsberg. Ligi ya ngapi hiyo? Ya nne.

Jamani, tulicheka. Mtu kafika Ulaya, kaacha timu zote zile, anaenda kulowa mvua kwa ajili ya mpira wa mchangani! Baadaye akatuma picha ya skafu aliyonunua. Imeandikwa neno moja tu, NOWAWES. Akauliza, mnajua maana yake? Hatukujua. Akasema, tafuteni, halafu mniambie kama mtacheka tena.

Tukatafuta. Bando zetu zimeisha kwenye kazi hiyo, na kicheko kimeisha pia.

Babelsberg ni sehemu ya mji wa Potsdam, jirani kabisa na Berlin. Zamani mahali pale hapakuitwa Babelsberg. Mwaka 1751 mfalme wa Prusia, Friedrich wa Pili, alitoa ardhi kwa wafumaji na wasokota nyuzi waliokuwa wamekimbia kutoka Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Cheki. Walikuwa Waprotestanti, na watawala wa kwao walikuwa Wakatoliki ambao hawakutaka kuona dini nyingine. Basi wakabeba walichoweza kubeba wakaondoka. Pale walipofikia palikuwa na kijiji cha Kijerumani kilichoitwa Neuendorf, yaani kijiji kipya. Wao wakasema jina lilelile kwa lugha yao, ndiyo likawa Nowawes.

Kwa hiyo hiyo skafu ni jina la makazi ya wakimbizi. Mtaa mzima ule ulianza kama sisi.

Wakajengewa nyumba ndogo, za chini, familia mbili chini ya paa moja, kila familia na kipande cha bustani nyuma. Baadhi ya nyumba hizo bado zimesimama mpaka leo. Mmoja wetu alipoziona kwenye picha akasema, hizi ni za kwetu hizi, isipokuwa wao wana vigae! Walipewa kanisa, wakahubiriwa kwa lugha yao. Walisamehewa kuingizwa jeshini. Na tusidanganyane, mfalme hakufanya yote hayo kwa huruma tu. Nchi yake ilikuwa na njaa ya mafundi, alitaka nguo zifumwe kwake na si kununuliwa nje. Sisi hilo halituudhi hata kidogo. Tungependa na sisi siku moja tuhesabiwe hivyo, kwa kazi ya mikono yetu, badala ya kila ripoti kuanza na idadi ya midomo ya kulisha.

Maisha yao hayakuwa mazuri sana, kusema kweli. Mfumaji wa nyumbani ni maskini popote. Baadaye vikaja viwanda vya nguo, kikaja kiwanda cha kutengeneza vichwa vya treni, na Nowawes ikawa mji wa wafanyakazi. Watu wa Potsdam, mji wa wafalme na majumba na wanajeshi wenye vifungo vya kung'aa, walikuwa ng'ambo ya mto. Upande huu walikuwa watu wa kiwandani, wenye siasa za mrengo wa kushoto kiasi kwamba mji wao ulipewa jina la utani, Nowawes Nyekundu.

Katika mji huo, mwaka 1903, vijana walianzisha timu. Waliiita Jugendkraft. Maana yake ni nguvu ya vijana. Hapo ndipo tulipoangaliana, kwa sababu kwenye kambi hii hatuna hesabu ya vikundi vilivyokwisha kujiita jina hilo, na vingi vilikufa kabla mhuri haujakauka. Hiki cha kwao kina miaka zaidi ya 120. Baadaye timu ikajiita kwa jina la mji, Nowawes 03, na ile 03 ni mwaka wa kuzaliwa, imebaki mpaka leo.

Miaka ya Wanazi ilipofika, jina la Nowawes likawa kosa. Lilikuwa na sauti ya Kislavoni, na wakubwa wa wakati ule walitaka kila kitu kinuke Kijerumani. Mwaka 1938 mji ukabandikwa jina la Babelsberg, mwaka uliofuata ukamezwa na Potsdam, na timu nayo ikapoteza jina lile. Miaka karibu 190 ya watu kujiita hivyo ikafutwa kwa karatasi. Sisi ambao majina yetu yamekosewa kwenye kadi za mgao, mpaka mtu na ndugu yake wa tumbo moja wana majina ya ukoo tofauti, tunaelewa kidogo uchungu wake. Sasa hivi mashabiki ndio wanaolivaa shingoni. Serikali zilizolifuta zimepita.

Mambo ya katikati tutayapitia haraka, maana ni mengi. Vita vilipoisha mwaka 1945, vilabu vyote vya zamani vilivunjwa na majeshi yaliyoshinda. Upande wa mashariki timu zikafungamanishwa na viwanda na kazi, ndiyo maana hii ikaitwa mara jina la gazeti, mara Rotation kwa sababu ya wapiga chapa, baadaye Motor Babelsberg. Ilicheza ligi kuu ya Ujerumani Mashariki tangu 1949 mpaka iliposhuka 1958. Katika msimu wa 1950/51 mshambuliaji wake Johannes Schöne alifunga zaidi ya mabao 30 akawa mfungaji bora wa nchi. Baada ya hapo ni kuchechemea. Mwaka 1991, nchi zikiwa zimeungana, ikazaliwa tena kama SV Babelsberg 03. Mwaka 2001 ikapanda mpaka daraja la pili la Ujerumani yote, ikakaa msimu mmoja, ikamaliza ya mwisho, ikashuka, na madeni yakakaribia kuiua. Mwaka 2010 ikafika daraja la tatu, 2013 ikarudi la nne.

Yaani hakuna kombe la kuringia hapo. Ukitaka kuringa kwa makombe kwenye uwanja uleule, waulize wanawake. Turbine Potsdam, klabu nyingine kabisa ambayo nayo hucheza pale, imekuwa bingwa wa Ulaya mara mbili, 2005 na 2010. Hili tunaliandika kwa ajili ya wale kaka zetu ambao kila jioni wanawafukuza wasichana uwanjani saa kumi na moja kamili.

Uwanja wenyewe unaingiza watu kama 10,000 na una jina la Karl Liebknecht. Huyu alikuwa mbunge aliyechaguliwa na watu wa eneo hilo mwaka 1912, na Desemba 1914 alikuwa mbunge peke yake aliyepiga kura ya kukataa fedha za vita. Mwaka 1919 akauawa. Sisi tuliozaliwa katikati ya vita ambavyo wabunge wengi walivipigia makofi, tumeona ni jina zuri la kuweka juu ya geti la uwanja.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka 2014 watu wa klabu hii waliona kwamba kwenye mji wao kuna vijana waliokuja kuomba hifadhi, kutoka Somalia, kutoka nchi nyingine za Afrika, Mashariki ya Kati, Balkani, wanakaa kwenye mabweni wakisubiri majibu. Nyinyi mnajua kusubiri majibu kunavyokuwa. Unaamka, unaangalia ubao, jina halipo, unalala. Wakaanzisha timu wakaiita Welcome United 03. Mazoezi, mipira, mtu yeyote aje, ajue asijue.

Mpaka hapo hakuna jipya. Hata sisi tumeletewa mipira. Kilichotufanya tukae chini ni walichofanya mwaka uliofuata. Msimu wa 2015/16 waliiandikisha timu hiyo kwenye ligi ya kawaida, kama timu ya tatu ya klabu. Hawakuandaa ligi ya wakimbizi wala bonanza la amani. Waliiingiza kwenye madaraja ya chini kabisa ya wilaya, ambako wanacheza mafundi bomba na walimu na watu wenye vitambi, kila wikiendi, nyumbani na ugenini, pointi tatu ukishinda, kadi nyekundu ukipiga mtu. Ilikuwa timu ya kwanza ya wakimbizi kuingia kwenye ratiba ya kawaida ya ligi Ujerumani. Na mwaka ule wa 2015 ndio ule ambao watu karibu 890,000 waliingia nchini humo kutafuta hifadhi, na nchi nzima inagombana iwapokee vipi.

Tofauti iko hapo, na ndiyo tunayotaka kuibishania.

Sisi kila mwaka tarehe 20 Juni, siku ya wakimbizi duniani, tunapewa kombe. Wahisani wanakuja na magari, kuna spika, kuna fulana zenye nembo, timu nane zinacheza dakika 20 kwa 20 kwa sababu muda hautoshi. Picha zinapigwa. Mshindi anapewa jezi na mbuzi. Saa kumi jioni magari yanaondoka, na mpaka Juni nyingine hakuna anayeuliza kama golikipa yule aliyedaka penalti mbili bado anacheza. Hatusemi kombe ni baya. Mbuzi tulimla, alikuwa mtamu. Lakini kombe la siku moja linakufanya uwe onyesho, na ligi inakufanya uwe mpinzani. Kwenye ligi yule wa kijiji cha jirani anakujua kwa jina kwa sababu Jumapili ulimpiga chenga, na anakusubiri mzunguko wa pili. Anakuchukia vizuri, kimpira. Hakuonei huruma tena.

Mwaka jana tulijaribu. Tulikusanya wachezaji 22 kutoka zoni mbili, Wakongo na Warundi pamoja, tukaenda ofisi moja kuuliza namna ya kuingia kwenye ligi ya nje ya kambi. Tukaambiwa leteni cheti cha usajili wa klabu. Tukauliza cheti kinapatikana wapi, tukaambiwa kwa raia. Tukasema basi tucheze chini ya usimamizi wa shirika, tukaambiwa shirika si klabu. Halafu kuna kibali cha kutoka, ambacho kinaombwa kwa kila mtu na kila safari, na mechi ya ugenini ni watu 22 mara safari kumi. Afisa yule hakuwa mkali, alitupa hata viti. Alisema tu, nyinyi mna mashindano yenu huko ndani. Tukarudi kwa miguu bila kuongea.

Tuliposoma habari za Babelsberg tukaona kosa letu pia. Tulikuwa tumeomba mlango wa timu ya wakimbizi. Wao hawakuomba mlango mpya. Klabu iliyokuwepo tayari, yenye usajili wake na jina lake, ilisema hawa ni timu yetu ya tatu, na kwenye karatasi mambo yakawa mepesi. Ujerumani nako hakuna mteremko, msidhani. Kucheza hata daraja la mwisho unahitaji pasi ya mchezaji kutoka chama cha mpira. Kwa miaka mingi mwomba hifadhi alikuwa haruhusiwi kutoka nje ya eneo alikoandikishwa bila ruhusa, sheria hiyo ikalegezwa mwaka 2015. Kwa hiyo wao pia walikuwa na vibali vyao. Ila kulikuwa na mwenyeji aliyesimama mbele akasaini.

Tunajua mtatuambia, acheni kulinganisha, kule kuna hela. Tumelifikiria. Klabu yenyewe miaka michache nyuma ilikuwa inazama kwenye madeni, si Bayern ile. Timu ya tatu inahitaji jezi, mipira, na mtu wa kujaza fomu. Bajeti ya spika na mahema ya siku moja ya Juni inaweza kubeba msimu mzima, na tunasema hivyo kwa sababu sisi ndio tunaobeba hayo mahema na kuhesabu viti.

Wengine kwenye grupu letu wamesema jambo zito zaidi: mpira hauleti karatasi. Ni kweli. Kucheza ligi hakumzuii mtu kukataliwa hifadhi, wala kuhamishwa bweni lingine msimu ukiwa katikati. Na sisi hapa, ukifunga mabao matatu Jumapili, Jumatatu bado unapanga foleni ya mgao uliopunguzwa. Hatuna jibu la kuwafurahisha. Tunaloweza kusema ni kwamba mwenzetu yule wa skafu hajapata majibu yake bado, mwaka wa pili huu, na anasema Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo akiulizwa wewe ni wa wapi anajibu kwa jina la timu.

Kuna kingine tusikifiche, maana tusije tukawauzia hadithi ya malaika. Kule hakuna amani tupu. Aprili 2017 Babelsberg ilicheza nyumbani na Energie Cottbus, na baadhi ya mashabiki wa wageni wakainua mikono kwa salamu ya Hitler na kupiga kelele za chuki dhidi ya Wayahudi. Shabiki wa Babelsberg akawajibu kwa kuwatukana kuwa ni nguruwe wa Kinazi, watoke. Chama cha mpira cha kanda ile kikaipiga Babelsberg faini ya euro 7,000 kwa vurugu za siku ile, na tusi lile likaandikwa kati ya makosa. Klabu ikakataa kulipa. Ikatishiwa kutolewa kwenye ligi, ikakataa tena, ikaanzisha kampeni ya kuwatoa Wanazi viwanjani, na vilabu vikubwa kuliko yenyewe vikaiunga mkono. Mwaka 2018 wakafikia makubaliano kwamba sehemu ya hela iende kwenye kazi ya kupinga ubaguzi. Timu ya daraja la nne, yenye madeni ya kumbukumbu, ilikuwa tayari kupoteza nafasi yake kwenye ligi. Tunawaomba mlifikirie hilo kidogo, hasa sisi wenyewe, ambao juzi kwenye uwanja wa zoni tuliitana majina ya makabila kwa sababu ya mpira wa kurusha.

Basi ombi letu ni hili, na tunaliandika wazi ili lisipotee kwenye maoni. Nyinyi mnaopanga Juni ijayo, msitununulie kombe. Tusaidieni kupata kibali kimoja cha msimu kwa orodha ya timu badala ya kibali cha kila mtu kila safari. Kaeni na sisi siku tutakapozungumza na klabu ya kijiji, kwa sababu neno lenu linasikika pale ambapo letu halisikiki. Na vijana wenzetu, tuache kutafuta majina makubwa ya timu. Mwenye usajili akitupa nafasi ya timu ya tatu, tuvae jezi yake, hata kama imefubaa.

Tumeshaongea na klabu moja iliyoko ng'ambo ya barabara kuu. Mwenyekiti wao ni mzee mwenye duka la vifaa vya baiskeli, amewahi kucheza beki. Alitusikiliza, akauliza swali moja tu, kama tuna golikipa, maana wa kwao anaoa na hana muda tena. Tukamwambia tunaye, ndiye yule wa penalti mbili. Akasema leteni orodha niione. Tumeiandika kwa mkono, majina 22, nakala mbili, moja ya kwake na moja ya ofisi ya vibali. Tunaipeleka Alhamisi.